Kutoka Kitabu cha Shilingi Tano hadi Studio ya Runinga: Uhawilishaji wa A Christmas Carol katika Filamu ya Scrooged (1988)

Ikisiri

Makala hii inafuatilia safari ya novela ya Charles Dickens, A Christmas Carol (1843), hadi filamu ya kuchekesha ya Scrooged iliyotolewa nchini Marekani mwaka 1988. Wapo wahakiki walioipima filamu hiyo kwa kigezo cha uaminifu kwa matini asilia na kuiona imepungukiwa. Makala inadai kwamba kigezo hicho hakitoshi, kwa kuwa matini asilia yenyewe ilizaliwa sokoni na ilikwisha kuhawilishwa jukwaani kabla ya kutimiza miezi miwili. Linalostahili kuulizwa ni jinsi filamu ilivyoyahamisha mambo matatu: utoto wa mhusika mkuu, toba yake, na haki ya mfanyakazi wake.

Maneno makuu: uhawilishaji, ucheshi, Dickens, filamu, runinga

Utangulizi

Jina Scrooged ni tukio la kimofolojia kabla halijawa jina la filamu. Ebenezer Scrooge, mfanyabiashara wa London aliyebuniwa na Dickens, alikwisha kuvuka mipaka ya kitabu chake na kuwa nomino ya kawaida katika Kiingereza, yenye maana ya mtu bahili, yule ambaye Waswahili humwita mkono wa birika. Waandishi wa filamu, Mitch Glazer na Michael O'Donoghue, walikwenda hatua moja mbele: waliigeuza nomino hiyo kuwa kitenzi, kisha wakakipachika kitenzi hicho kiambishi cha kutendwa. Kiswahili nacho kina njia ya kufanya hivyo. Kimekwisha kumfanya Abunuwasi kuwa jina la kila mjanja, na kanuni zake za unyambulishaji zingeruhusu umbo kama -skrujiwa, hata kama sikio lingelikataa. Swali linalozaliwa na kauli hiyo ya kutendwa ni la kihakiki pia: ni nani aliyetendwa? Ni Frank Cross, mkuu wa shirika la runinga, anayetembelewa na mizuka wakati wa Krismasi? Ni hadithi ya Dickens yenyewe? Au ni mtazamaji aliyelipa kiingilio?

Filamu hiyo iliongozwa na Richard Donner, na Bill Murray ndiye aliyeigiza nafasi ya Cross. Paramount iliitoa tarehe 23 Novemba 1988, siku moja kabla ya Sikukuu ya Shukrani. Iligharimu takriban dola milioni 32, na mapato yake nchini Marekani yalikaribia milioni 60. Watazamaji, basi, walikwenda. Wahakiki hawakufurahi kiasi hicho: Roger Ebert wa gazeti la Chicago Sun-Times aliipa nyota moja tu, akiiona ni filamu ya kusumbua moyo zaidi kuliko ya kuchekesha. Hata O'Donoghue, aliyekuwa mwandishi mkuu wa kwanza wa kipindi cha Saturday Night Live, hakuridhika na kile kilichotoka katika mikono ya mwongozaji. Nyuma ya malalamiko ya aina hii kuna dhana kwamba hadithi ya Dickens ni kitu kitakatifu na kitulivu, na kwamba kicheko na kelele vililetwa kutoka nje. Historia ya matini haiungi mkono dhana hiyo.

Neno moja la istilahi kabla ya kuendelea. Viumbe wanaomtembelea Scrooge huweza kuitwa kwa Kiswahili mizimu, pepo au mizuka, na uchaguzi si wa bure. Mzimu una ukoo. Huhusiana na wazee waliotangulia na hudai kitu kwa walio hai, aghalabu kukumbukwa na kutambikiwa. Marley, mbia wa Scrooge aliyekufa miaka saba kabla ya hadithi kuanza, hana ukoo unaotajwa; mwombolezaji wake pekee alikuwa Scrooge mwenyewe, na anaporudi haombi chochote kwa ajili ya nafsi yake. Huzuka, huonya, hutoweka. Kwa sababu hiyo mzuka ndilo jina linalotumika hapa.

Soko la mwaka 1843

A Christmas Carol kilichapishwa London na Chapman na Hall tarehe 19 Desemba 1843. Dickens aligharimia uchapaji yeye mwenyewe. Alitaka jalada jekundu, kingo za kurasa zilizopakwa dhahabu, na michoro ya John Leech, minne kati yake ikiwa imetiwa rangi kwa mkono. Nakala 6,000 za kwanza zilikwisha kufikia mkesha wa Krismasi. Hata hivyo gharama za urembo huo zilimeza mapato: mwandishi aliyetarajia pauni 1,000 aliambulia pauni 230 kutokana na toleo hilo la kwanza.

Bei ya kitabu ilikuwa shilingi tano. Ndani ya kitabu hicho hicho, karani Bob Cratchit hulipwa shilingi kumi na tano kwa wiki. Cratchit, kwa hiyo, angehitaji theluthi ya mshahara wake wa wiki nzima ili kununua hadithi inayomhusu. Jambo hili halipaswi kuchukuliwa kama shutuma dhidi ya Dickens. Yeye alijua umaskini kwa kuuishi. Baba yake alifungwa katika gereza la wadaiwa la Marshalsea mwaka 1824, na Charles, akiwa na umri wa miaka kumi na miwili, alipelekwa kubandika lebo kwenye vikopo vya rangi ya viatu. Mwezi Septemba 1843 alitembelea shule ya watoto fukara ya Field Lane, na alichokiona huko kilimsukuma kuandika. Sheria ya Maskini ya mwaka 1834 ilikuwa imewasukuma wahitaji katika nyumba za kazi, na nadharia ya Malthus kuhusu watu waliozidi idadi ilikuwa kauli ya kawaida midomoni mwa walioshiba; Dickens aliichukua na kuiweka kinywani mwa Scrooge. Lakini hasira hiyo yote ilifungwa katika bidhaa ya sikukuu yenye kingo za dhahabu. Hasira na bidhaa zilikwenda pamoja tangu siku ya kwanza.

Uhawilishaji ulianza mara moja, na ulianza kama wizi. Januari 1844 kijarida kiitwacho Parley's Illuminated Library kilichapisha hadithi hiyo kwa muhtasari na kwa bei ya chini, wenyewe wakidai kwamba wameisana upya na hata kuiboresha. Dickens alishitaki akashinda. Wachapishaji wakafilisika, naye akabaki kulipa takriban pauni 700 za gharama za kesi. Ushindi wa namna hii ni sawa na hasara. Jukwaani mambo yalikwenda kasi zaidi. Tarehe 5 Februari 1844 mchezo wa Edward Stirling ulianza katika ukumbi wa Adelphi kwa ridhaa ya Dickens, na kabla ya mwezi huo kwisha maonyesho manane tofauti yalikuwa yamekwisha kuchezwa London. Nyimbo ziliongezwa, vichekesho vikaongezwa, wala hakuna aliyeona ajabu.

Kwa hakika kicheko hakikuhitaji kuongezwa. Kimo ndani ya matini tangu aya za mwanzo, pale msimulizi anapoanza kujadili kwa uzito wa kifalsafa ni msumari wa aina gani uliokufa zaidi. Scrooge anapokutana na mzuka wa Marley, utetezi wake wa kwanza ni kwamba huenda kinachoonekana ni chakula kisichosagika tumboni, na hapo Dickens anacheza na maneno mawili ya Kiingereza yanayokaribiana kimatamshi, lile la mchuzi na lile la kaburi. Mfasiri wa Kiswahili hana njia ya kuukamata mchezo huo moja kwa moja. Mchuzi na kaburi katika lugha yetu havisikilizani hata kidogo. Anayesema kwamba ucheshi umeivamia hadithi hii anasema hivyo kwa sababu ameisoma kupitia picha za kadi za sikukuu.

Baada ya hapo orodha ni ndefu na nyingi ya sehemu zake hazihitaji kukawizwa. Dickens mwenyewe aliisoma hadithi hadharani kuanzia Birmingham Desemba 1853 hadi usomaji wake wa mwisho London Machi 1870, akiikatakata na kuipunguza kadiri alivyoona inafaa kwa sikio. Filamu ya kimya ya Walter R. Booth ilitoka mwaka 1901. Alastair Sim alimcheza Scrooge mwaka 1951 kwa namna ambayo wengi hawajaona mfano wake, na Albert Finney akaimba nafasi hiyo mwaka 1970. Mwaka 1983 Disney ilimkabidhi Mickey karatasi za Cratchit. Desemba 1988, mwezi mmoja baada ya Scrooged, BBC ilionyesha Blackadder's Christmas Carol, ambamo mtu mwema hutembelewa na mzuka akageuka mwovu. Miaka ile ya mwisho ya themanini, ni dhahiri, toba ilikuwa imeanza kutiliwa shaka.

Mtoto wa vitabu na mtoto wa runinga

Mwaka 1988 haukuchagua runinga kuwa makazi ya Scrooge kwa bahati. Mashirika makubwa matatu ya runinga ya Marekani yalikuwa yamebadilisha wenyewe ndani ya muda mfupi: Capital Cities ilichukua ABC, General Electric ikaipata NBC kwa kuinunua RCA, na Laurence Tisch akatwaa usukani wa CBS, yote hayo yakikamilika mwaka 1986. Wamiliki wapya walileta kalamu nyekundu. Machi 1987 idara ya habari ya CBS peke yake ilipunguza wafanyakazi zaidi ya 200. Shirika la kubuni la IBC anakofanya kazi Frank Cross linatoka katika hali hiyo. Mwajiri wake, Preston Rhinelander aliyeigizwa na Robert Mitchum, anataka vipindi vianze kuwalenga paka na mbwa kwa kuwa nao hutazama runinga. Mtazamaji hucheka, lakini kichekesho hicho kina hesabu ndani yake: mwenye mali hatafuti tena hadhira inayofikiri, anatafuta macho.

Cross anaandaa onyesho la moja kwa moja la hadithi ya Dickens usiku wa mkesha wa Krismasi. Ndani ya filamu, Buddy Hackett ndiye Scrooge wa onyesho hilo, John Houseman ndiye msimulizi, na Tiny Tim, mtoto mlemavu wa Cratchit, amepewa Mary Lou Retton, mwanasarakasi aliyetwaa medali ya dhahabu katika Olimpiki ya Los Angeles mwaka 1984. Katika onyesho hilo Tiny Tim haponi kwa sababu mshahara wa baba yake umepanda. Anatupa magongo na kupiga mapindu. Kejeli hii ni kali kuliko inavyoonekana. Filamu inakiri kwamba uhawilishaji unaweza kuua kile unachokihifadhi, na inakiri hivyo ikiwa yenyewe ni uhawilishaji uliotolewa na kampuni kubwa kwa ajili ya msimu wa mauzo. Hapa ndipo ilipo karibu zaidi na Dickens wa jalada jekundu kuliko filamu nyingi zilizovaa kofia ndefu na kuwasha mishumaa.

Hata hivyo mahali ambapo uhawilishaji umefanya kazi yake kwa umahiri mkubwa zaidi ni katika utoto. Mzuka wa Krismasi Zilizopita wa Dickens humrudisha Scrooge shuleni, ambako mtoto mpweke ameachwa peke yake wakati wa likizo. Anasoma. Na kwa kuwa anasoma, dirishani anapita Ali Baba, mtu wa hadithi za Alfu Lela Ulela zinazojulikana vizuri kwa wasomaji wa Kiswahili, na baada yake Robinson Crusoe na kasuku wake. Scrooge mzee anapaza sauti kwa furaha na kisha analia. Kinachomvunja mara ya kwanza si hofu ya mauti. Ni kumbukumbu ya vitabu, yaani kumbukumbu kwamba aliwahi kuweza kumwona mtu mwingine kwa jicho la moyo.

Mzuka wa filamu, uliochezwa na David Johansen, ni dereva wa teksi mwenye meno mabaya, na anamrudisha Cross mwaka 1955. Mtoto ana miaka minne na ameketi mbele ya runinga. Baba yake, muuza nyama, anamletea zawadi ya Krismasi: nyama ya ndama. Baadaye Cross anapojaribu kusimulia kumbukumbu nzuri za utotoni, dereva anamkatiza na kumwambia kwamba hayo hayakumpata yeye. Aliyaona katika kipindi cha runinga. Kichekesho hiki kinadumu sekunde chache, lakini ndicho kinachoufanya ubahili wa Cross ueleweke. Hadithi alizopewa Scrooge mdogo zilimzindua kiasi kwamba zinaweza kumliza miaka mingi baadaye. Hadithi alizopewa Cross zilichukua nafasi ya maisha yake, na alipokua akawa muuzaji wa hadithi hizo hizo. Waandishi hawakutafsiri tukio la Dickens. Walitafuta lipi katika zama zao lingeweza kubeba uzito ule ule, kisha wakakuta limeharibika. Mwalimu Julius Nyerere alifanya uamuzi wa jamii hiyo aliposema wazi, katika jina la tafsiri yake ya Shakespeare ya mwaka 1969, kwamba wafanyabiashara wa Venisi ni mabepari: miaka miwili baada ya Azimio la Arusha, neno hilo lilikuwa na sauti ambayo neno la kikamusi lisingekuwa nayo.

Si kila badiliko limefaulu kiasi hicho. Mzuka wa Krismasi ya Sasa, aliyeigizwa na Carol Kane kama malaika mdogo anayempiga Cross makonde na hata kibaniko cha mkate, unachekesha lakini umepokonywa mizigo yake. Kwa Dickens, chini ya joho la mzuka huyo wamejificha watoto wawili waliokonda, Ujinga na Uhitaji, na hilo ndilo tukio la kisiasa kuliko yote katika novela. Filamu imewaondoa. Badala yao imemweka Herman, mtu asiye na makazi.

Mnong'ono na matangazo

Toba ya Scrooge wa 1843 ni jambo la faragha kwa kiwango cha kushangaza. Anamtumia Cratchit bata mzinga bila kutaja nani aliyemtuma. Anapokutana barabarani na bwana aliyekuwa akichangisha kwa ajili ya maskini, anamnong'oneza sikioni kiasi atakachotoa, na msomaji haambiwi ni kiasi gani. Dickens, aliyependa umati na makofi kuliko waandishi wengi wa zama zake, hapa amemziba msomaji masikio. Nambari inabaki baina ya wawili.

Toba ya Frank Cross inatangazwa nchi nzima. Anavamia jukwaa la onyesho lake mwenyewe huku Eliot Loudermilk, mfanyakazi aliyefukuzwa kazi na kurudi na bunduki, akikidhibiti chumba cha mitambo ili matangazo yasikatwe. Cross anahutubia kamera kwa muda mrefu, mengi ya maneno hayo yakiwa Murray aliyabuni papo hapo. Anawahimiza watazamaji wampelekee mwenye baridi blanketi kuukuu, wamtengenezee mwenye njaa kipande cha mkate. Kisha wimbo unaanza, na Cross anaigeukia hadhira ya sinema yenyewe na kuitaka iimbe, upande huu kisha upande ule.

Tukio hili ndilo lililowagawa zaidi watazamaji wa filamu, na kuna sababu. Sauti ya Murray inapanda hadi inakaribia wazimu. Haieleweki kama mtu huyu ameokoka au ameshindwa kustahimili usiku mmoja bila usingizi. Wanaoiona hotuba hiyo kuwa ni udhaifu wa uandishi wana haki kiasi. Lakini inafaa ikumbukwe kwamba Cross ni mtu wa runinga, aliyelelewa na runinga, na hana lugha nyingine. Scrooge aliweza kunong'ona kwa sababu aliwahi kusoma peke yake katika chumba baridi. Cross hajawahi kuwa mahali pasipo na kamera, hivyo hata wema wake hauna budi kupita hewani. Kama toba hiyo inatia shaka, shaka hiyo inaelekezwa kwa chombo alichokulia kuliko kwa nafsi yake.

Kasoro kubwa zaidi ya filamu iko kwingine, na haina utetezi mzuri. Nafasi ya Cratchit imechukuliwa na Grace Cooley, katibu wa Cross, mwanamke mweusi mjane aliyeigizwa kwa utulivu mkubwa na Alfre Woodard. Mwanawe Calvin hajasema neno tangu alipoona baba yake akiuawa. Badiliko hili lina akili: maradhi ya Tiny Tim yalitokana na umaskini wa London ya viwanda, na kimya cha Calvin kinatokana na ukatili wa mji wa Marekani wa miaka ya themanini. Mwanzoni mwa filamu Cross anapanga zawadi za wafanyakazi wake katika mafungu mawili, wanaostahili kinasa video na wanaostahili taulo. Grace anaangukia kwenye taulo. Kejeli ya mshahara, basi, imewekwa wazi. Mtazamaji ana haki ya kuingoja imalizike.

Dickens aliimalizia kwa hesabu. Asubuhi ya tarehe 26 Desemba, Scrooge anamwambia Cratchit kwamba atampandishia mshahara, na matini inaendelea kueleza kwamba wema huo ulidumu miaka na kwamba mtoto hakufa. Ni suluhisho la mwajiri mmoja mmoja, na wasomi wa mrengo wa kushoto wamelilaumu kwa hilo kwa muda mrefu, lakini angalau ni suluhisho linalopita ofisini. Katika filamu, uzito wote wa ukombozi wa familia ya Grace umewekwa juu ya sauti ya Calvin, anayezungumza hatimaye mbele ya kamera ili kumkumbusha Cross maneno ya Tiny Tim. Ni muujiza, na machozi yanakuja kama yalivyokusudiwa. Lakini ni muujiza wa jamii ile ile ya mapindu ya Mary Lou Retton, ambayo filamu yenyewe ilikuwa imeyacheka saa moja iliyotangulia.

Herman naye hajapewa muujiza. Mapema anamwomba Cross dola mbili, akanyimwa. Baadaye Cross anamkuta chini ya barabara, ameganda kwa baridi, na anaanza kumgombeza maiti kana kwamba kumgombeza kungemwamsha. Ni tukio lisilo na kicheko hata kimoja, na ndilo bora kuliko yote katika filamu. Bunge la Marekani lilikuwa limepitisha Sheria ya McKinney kuhusu wasio na makazi mwaka 1987, mwaka mmoja tu kabla. Mtazamaji wa New York hakuhitaji mzuka wa kumwonyesha mtu aliyelala barabarani. Tofauti na Tiny Tim, ambaye kifo chake ni tishio la wakati ujao linaloweza kuzuilika, Herman amekufa katika wakati uliopo, na dola mbili haziwezi tena kumfikia. Wimbo wa mwisho unapoimbwa studioni, Cross anatupa macho pembeni na kumwona Herman akiwa amesimama pamoja na mizuka, anatabasamu.